Darubini ya kwanza Arusha: iache "mara 750", tazama stendi

Swali limetoka kwa msomaji wa Sakina, Arusha: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii. Jioni kempuni, wageni wakizunguka moto, huwa wananiuliza habari za nyota na najua chache tu. Nimetenga laki saba ninunue darubini ya kuonyesha pete za Zohali, na nikiwa nyumbani wanangu waangalie mwezi. Nimeona moja dukani: ni ya vioo, kipenyo milimita 114, fokasi milimita 1000, boksi linasema inakuza mara 750, na stendi yake ina chuma kizito cha kusawazisha. Dada yangu yuko Uingereza, anakuja Desemba na anaweza kunibebea kitu. Ninunue hii au nisubiri? Na mchana inaweza kunisaidia kuangalia wanyama?"

Marahaba, kaka. Msubiri dada.

Hiyo ya dukani ina kasoro tatu, na ile ndogo kuliko zote ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ukuzaji wa darubini hupatikana kwa kugawanya tu: fokasi ya darubini (umbali kutoka kioo kikuu hadi pale picha inapokusanyika) gawanya kwa fokasi ya lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia. 1000 gawanya kwa 4, yaani lenzi ya jicho ya milimita 4, ni 250. Kisha wameongeza kijilenzi cha kuzidisha mara tatu, ambacho waangalia nyota hukiita balo, ndiyo ukapata 750. Kwa mtindo huo mtengenezaji anaweza kuandika namba yoyote inayompendeza. Kinachoweka mpaka ni kipenyo cha kioo kinachopokea mwanga, na kanuni inayotumika ni kwamba kila milimita ya kipenyo inabeba ukuzaji wa mara mbili hivi. Milimita 114 zinaishia 228, tena usiku ambao hewa imetulia kabisa. Ukilazimisha 750 utapata duara kubwa, la giza, lenye ukungu. Wala halitakaa mbele ya jicho: dunia inazunguka, anga inasogea nyuzi 15 kwa saa, na kwa ukuzaji huo kipande cha anga unachokiona ni kidogo mno, kiasi kwamba Zohali akiingia upande huu anatokea upande wa pili chini ya sekunde 20. Mgeni wako hajamaliza kuinama, sayari imeshaondoka.

Kasoro ya pili utaigundua ukienda na futi ya fundi. Darubini ya kawaida ya vioo, kwa mpango ule alioubuni Newton mwaka 1668, huwa na bomba linalokaribia urefu wa fokasi yake. Fokasi ya mita moja, bomba la karibu mita moja. Kama hiyo uliyoiona bomba lake halifiki nusu mita, ujue ndani ya shingo ya lenzi, pale inapoingia lenzi ya jicho, kumefichwa lenzi nyingine ya kurefusha fokasi, na kwenye darubini za bei rahisi lenzi hiyo ndiyo inayoivuruga picha. Vioo vyake navyo huwapa tabu ya kulinganisha hata watu wenye uzoefu. Zipo darubini fupi nzuri sana zinazochanganya lenzi na kioo, lakini hizo mdomo wa bomba umefunikwa kwa kioo angavu. Mdomo wazi, bomba fupi, fokasi ndefu: iache hapo hapo dukani.

Sasa stendi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu hivi, kwa sababu ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni umeandikwa na watu wanaoishi Ulaya na Marekani na hapa kwetu unapotosha.

Stendi yenye chuma cha kusawazisha imebuniwa ili mhimili wake mmoja uelekee ncha ya mbingu, yaani ile sehemu ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Ukishaulenga vizuri, unaifuata nyota usiku kucha kwa kuzungusha kinobu kimoja. Kwa mtu wa London hilo ni jambo zuri: ncha yake iko nyuzi 51 juu ya upeo wa macho na ina Nyota ya Kaskazini jirani yake kama alama. Wewe uko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini kwako imezama, na hata ingechungulia kidogo, upande huo umekaa Meru na mita zake 4,566. Ncha ya kusini ndiyo iliyo juu ya upeo, lakini kwa nyuzi 3 tu, ndani ya vumbi, miti na mataa, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu kiasi kwamba kwa macho ya mjini haionekani kabisa. Kisha kuna mhimili wenyewe, ambao itabidi uulaze karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa kukaa hivyo. Chuma cha kusawazisha kinagonga miguu, bomba nalo linagonga stendi, na skrubu ya kushikilia pembe inateleza kila ukigusa kitu. Nimewaona watu wa Arusha na Moshi walioletewa darubini kama hizo na ndugu wa nje zikaishia juu ya kabati, na wenyewe wakiamini kwamba elimu ya nyota ni ngumu. Sivyo. Walipewa stendi ya mji mwingine.

Unachohitaji ni stendi ya juu-chini na kushoto-kulia, basi. Na ya namna hiyo iliyo bora kwa fedha zako ni ile ya Dobson: kisanduku cha mbao kinachozunguka kwenye kitako chake, na bomba limekaa humo likiinuka na kushuka kwa mkono. Hakuna gia, hakuna chuma cha kusawazisha, hakuna cha kulenga kwenye ncha yoyote. John Dobson alieneza mtindo huu miaka ya 1960 kule San Francisco, akiunda darubini kwa plaiwudi na vioo alivyovisugua mwenyewe, kisha akiziweka kando ya barabara ili mpita njia yeyote auone mwezi bure. Kazi unayotaka kuifanya kempuni ndiyo hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwagize dada Dobson ya mezani ya kipenyo cha milimita 130 na fokasi 650. Inayopatikana kirahisi Uingereza ni Sky-Watcher Heritage 130P, na huuzwa kwa karibu pauni 200, kwa hiyo laki saba yako inaifikia bila kubaki na kitu cha maana. Bomba lake linajikunja, na mzigo wote ni kilo sita hivi. Kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga karibu mara 10 ya lenzi moja ya bainokula ya 8x42, yaani lenzi ya milimita 42, kwa sababu mwanga unafuata mraba wa kipenyo, na hapo ndipo fedha yako inapofanya kazi. Inakuja na lenzi mbili za jicho: ya milimita 25 inayokupa ukuzaji wa 26, na ya milimita 10 inayokupa 65. Kwa 65 pete za Zohali zinaonekana wazi. Dada akiongeza balo ya mara mbili utafika 130, na ukuzaji wa juu ya hapo mimi sioni sababu ya kuukimbilia mwaka wa kwanza.

Milimita 200 ingekuwa bora? Kwa macho, ndiyo, sana. Lakini hiyo inazidi kilo 20, haiingii kwenye begi la mtu, na ikija kwa mzigo wa ndege bei ya usafiri inaweza kukaribia bei ya darubini. Kwenye gari lenye wageni sita na kreti za maji utaiweka wapi?

Kwa kazi yako upo ubishi mmoja wa haki dhidi ya vioo: barabara. Kutoka geti la Loduare la Ngorongoro mpaka geti la Naabi la Serengeti gari linatetemeka kiasi kwamba skrubu za mashine yoyote zinalegea, na vioo vya darubini vikihama kidogo tu picha inafifia. Darubini ya lenzi haina shida hiyo. Ukiona huna subira ya kushika skrubu, nunua ya lenzi ya milimita 80 hadi 102 yenye stendi ya juu-chini, na ukubali mwanga pungufu na utepe wa zambarau kuzunguka mwezi na sayari ya Mshtarii (Jupita). Mimi nisingefanya hivyo. Kulinganisha vioo ni kazi ya dakika kumi ukishajifunza: unaweka kwenye shingo ya lenzi kifuniko chenye tundu dogo katikati, unachungulia mchana, na unazungusha skrubu tatu za nyuma ya kioo kikuu mpaka duara zote zikae moja ndani ya nyingine. Usiku unahakikisha kwa kuivuruga makusudi picha ya nyota angavu mpaka iwe na ukungu. Ukiona viduara vimepangana sawasawa kuzunguka kitovu, mambo yako safi. Fundi aliyezoea kufunga nati za Landkruza porini hawezi kushindwa na skrubu tatu.

Ile ya mezani inataka meza, na hapo wengi hukosea kwa kuiweka juu ya meza ya plastiki inayonesanesa. Nenda kwa seremala yeyote wa Arusha akutengenezee stuli ya mbao ngumu ya miguu mitatu, urefu wa chini kidogo ya kiuno chako. Miguu mitatu hukaa hata kwenye ardhi ya mabonde. Minne daima kuna mmoja unaoning'inia. Boneti ya gari nayo hutumika kwa dharura, injini ikiwa imezimwa na hakuna mgeni aliyebaki ndani akipanga begi.

Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kuangalia, hasa ukilala ukingoni mwa Ngorongoro ambako kuna baridi ya kweli. Kioo chenye joto la gari huchemsha hewa ndani ya bomba na sayari zote zinatikisika. Vumbi likitua juu ya kioo, liache. Vumbi kidogo halipunguzi chochote unachoweza kukiona, ila kufuta kwa fulana kunachubua rangi ya fedha ya juu ya kioo na haiponi tena. Masika, hifadhi lenzi za jicho kwenye kopo linalofunga pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, kwa sababu ukungu unaoota ndani ya lenzi kwa hali ya hewa ya Arusha ni ugonjwa usio na dawa ya nyumbani.

Lakini Desemba bado, na bainokula unayo shingoni. Anza leo. Chukua ule mfuko wa maharage ambao wageni hutumia kuwekea kamera juu ya paa la gari, laza bainokula juu yake ili mikono isitetemeke, mtazame Mshtarii: utaona vinukta hadi vinne vimejipanga pembeni yake, miezi ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Tazama Kilimia, ambacho kwa macho ni nyota sita au saba, kwenye bainokula zikawa makumi. Wazee walihesabia misimu kwa hicho, na wakasema "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua". Mgeni ukimpa hilo pamoja na bainokula atalikumbuka kuliko jina la kisayansi. Pakua pia programu ya Stellarium kwenye simu, ni ya bure, uiwekee mwanga mwekundu. Mwezi mzima wa kazi hii utakufundisha njia za angani, na darubini ikifika hutaihangaikia. Maana darubini inakuza, haitafuti. Anayeshindwa kuuonyesha Msalaba wa Kusini kwa kidole hatasaidiwa na kioo.

Na hapa tulipo tumependelewa, japo hatujisifu. Karibu anga lote la kaskazini na la kusini linapita juu yetu ndani ya mwaka. Sayari zinapita karibu na utosi, ambako hewa ni nyembamba na picha imetulia, wakati mtu wa London katika baadhi ya miaka anamvizia Zohali juu tu ya mapaa. Milima yetu imekaa upande wa kaskazini, Meru kwa Arusha na Kilimanjaro kwa Moshi, kwa hiyo kusini kuko wazi, na hazina za kusini ndizo ambazo wageni wako wengi hawajawahi kuziona kwao. Aprili hadi Juni jioni, pale mawingu yanapoachia, lenga Omega Centauri: kwa macho ni nyota yenye ukungu, kwenye milimita 130 ni mchanga wa nyota usiohesabika. Jirani yake Alfa Centauri ni moja kwa macho na mbili kwenye lenzi, jambo ambalo watoto hulipenda sana. Wingu la gesi la Carina liko hapo hapo magharibi mwa Msalaba. Julai na Agosti Arusha na Moshi mara nyingi zimefunikwa na wingu zito la baridi, lakini wewe wakati huo uko Tarangire au Serengeti, kiangazi, na kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, kinapita juu sana. Tumia lenzi ya milimita 25, sukuma bomba polepole tu, usimtafutie mgeni kitu chochote maalumu.

Januari na Februari ni zamu ya wingu la gesi la Orioni, na hapo kuna jambo la kwetu peke yetu. Wingu hilo likifika kileleni linakuwa nyuzi mbili tu kutoka utosini, na Dobson haiwezi kufuata kitu kilicho utosini: unazungusha kitako na bomba halisogei unakotaka. Lionyeshe saa moja kabla au saa moja baada.

Waambie wageni mapema wasitegemee rangi za picha za Hubble, ile darubini iliyo angani. Jicho usiku halioni rangi kwenye mwanga hafifu; mawingu ya gesi yatakuwa ya kijivu. Mwezi ndio usiomwangusha mtu, na siku zake nzuri ni zile za nusu, kwenye mstari unaogawa mwanga na giza, ambako milima yake inatupa vivuli. Mwezi mpevu ni bapa na unaumiza macho. Zohali kwa miaka hii anakaa vizuri jioni kuanzia Oktoba hadi Januari. Machi 2025 pete zake zilitugeukia ubavu zikawa kama uzi. Sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka, na zitakuwa pana kabisa mwaka 2032. Ataonekana mdogo, mkali, na mtu atakuuliza kama umebandika picha ndani ya bomba.

Zile za mota zinazojitafutia nyota? Wewe una betri ya volti 12 kwenye gari, kwa hiyo umeme si kisingizio. Ila kwa laki saba mota itakula fedha ya kioo.

Kuhusu wanyama, hapana. Darubini ya vioo inapindua picha juu chini, na simba anayetembea kichwa chini hamfurahishi mtu aliyelipia Ngorongoro. Kwa mchana bainokula yako inatosha.

Ya jua sasa, na hapa sina utani. Darubini ikielekezwa kwenye jua bila kichujio mbele ya mdomo wake inaunguza jicho papo hapo, bila onyo la maumivu. Kama kwenye boksi lolote utakuta kijichujio cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kivunje ukitupe, kwa sababu joto hukipasua mtu akiwa anachungulia. Kichujio salama ni kile kinachofunika mdomo wote wa bomba, na kilengeo cha pembeni nacho kifunikwe. Nasema hivi mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa kuanzia Hispania na Moroko, kupitia Luxor kule Misri ambako giza litazidi dakika sita, hadi Yemen na Somalia. Sisi tutaona kupatwa kwa sehemu, nawe utakuwa katikati ya msimu una gari la wageni. Waliokwenda Rujewa kule Mbeya tarehe 1 Septemba 2016 kuona pete ya jua wanajua watu wanavyojaa.

Basi mwandikie dada: Dobson ya mezani ya 130, balo ya mara mbili, na kichujio cha jua cha mdomo cha kipenyo hicho, vyote kutoka duka linalouza darubini na si duka la vifaa vya watoto. Bomba alibebe mkononi ndani ya ndege, kitako kiende kwenye begi. Risiti atunze, kwa kuwa forodha uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) wanaweza kuiulizia, na VAT ya asilimia 18 pamoja na ushuru uiwekee akiba kidogo pembeni.